Mapenzi Yaliyokatazwa Kuishia Vizuri

Ukiifuata barabara itokayo Machakos kwenda Kitui, ukaiacha Wamunyu na wachonga vinyago wake, ukavuka mto Athi, unaingia katika nchi kavu ya Yatta. Huko ndiko liliko soko la Kwa Vonza. Kwa miaka mingi mgeni aliijua sehemu hii kwa mambo mawili: ranchi ya B2 Yatta, na chuo cha kilimo cha Ukamba kilichowafunza vijana kulima na kufuga mahali ambapo mvua haitoi ahadi. Mwaka 2008 chuo hicho kiligeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na Machi 2013 kikapata hati ya kujitegemea kwa jina la Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Wenyewe hukiita SEKU tu. Mahali palipozoea ng'ombe na mbuzi pakaanza kupokea vijana kutoka pembe zote za nchi, kila mmoja na godoro lake, sanduku lake na simu yake.

Simu ndiyo inayotuhusu hapa. Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zilifika Mombasa, na bei ya intaneti ikaanza kushuka. Januari 2016 Netflix ilifungua huduma yake kwa nchi 130 kwa siku moja, Kenya ikiwemo. Lakini wanafunzi wa vyuo hawakuwa wamekaa wakimsubiri mtu. Muvi zilinakiliwa dukani kwenye flashi, flashi ikazunguka kutoka chumba hadi chumba, na bando la usiku likiwa rahisi, msimu mzima wa tamthilia ulishushwa kabla jogoo hajawika. Tamthilia za Korea zilitangulia. Nyuma yake zikaja za Thailand, Taiwan, China na Japani, na kati ya hizo ziko za namna ya pekee: wahusika wakuu ni vijana wawili wa kiume, na hadithi yenyewe ni mapenzi yao. Mashabiki huziita kwa herufi mbili, BL.

Hizi si tamthilia za kutazamwa sebuleni baba akiwepo. Hutazamwa kitandani, spika ndogo masikioni, na hujadiliwa na rafiki mmoja au wawili wa kuaminika. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaweza kumfunga mtu miaka 14 kwa tendo ambalo hadithi hizi zinalizungukia. Sheria hiyo haimgusi anayetazama, ila kila anayetazama anajua kwamba ipo.

Kwa juujuu, ubishi juu ya hadithi kama hizi ni ubishi juu ya kinachoonyeshwa. Ukiufuata tangu mwanzo, utaona kwamba mara nyingi watu wamegombania jambo jingine, nalo ni jinsi hadithi inavyoishia. Mapenzi yaliyokatazwa yamevumiliwa karibu kila mahali, mradi wapendanao wafe, watengane au watubu. Kelele huanza wanapobaki hai, tena wakiwa na furaha.

Afrika Mashariki iliujua ubishi huu zamani, kabla ya simu na kabla ya televisheni. Serikali ya kikoloni nchini Kenya ilitunga sheria ya michezo ya jukwaani na sinema mwaka 1912, na katika miongo iliyofuata wachujaji wakawa wanapima filamu kwa rangi ya mtazamaji: iliyomfaa Mzungu haikuhesabiwa kumfaa Mwafrika. Walichokihofia zaidi kilitoka Hollywood, yaani Mzungu mlevi, Mzungu mwizi, mwanamke wa Kizungu akibusiwa. Filamu za Bombay ziliwatia hofu ndogo zaidi, na hizo ndizo zilizowaingia watu wa pwani mioyoni.

Maarufu kati ya hizo ni Awara, iliyotengenezwa na Raj Kapoor mwaka 1951. Jaji mmoja anamfukuza mkewe mjamzito kwa kumshuku. Mtoto anazaliwa na kukulia mtaani, anakuwa mwizi, kisha anampenda Rita, msichana wa kisomo aliyelelewa na jaji yule yule. Rita anakuwa wakili wake mahakamani. Wazee wa Zanzibar walipohojiwa na mwanahistoria Laura Fair miongo kadhaa baadaye, walikuwa bado wanaikumbuka filamu hiyo na mabishano iliyoyazua. Zanzibar na Mombasa zilikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na huko swali lilikuwa moto: je, kijana anaweza kumchagua ampendaye, au uchaguzi ni wa wazazi? Hadithi inaishia kwa ustadi wa mwanasiasa. Kijana anafungwa miaka mitatu, Rita anaahidi kumngoja. Penzi halikuvunjwa, na mwizi naye hakuponyoka. Kila upande ulitoka ukumbini na chake mkononi.

Tuvuke bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wasichana wawili waliokuwa wakichora hadithi za katuni, Moto Hagio na Keiko Takemiya, walikuwa wakiishi nyumba moja mtaa wa Nerima, Tokyo. Walikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo. Majarida ya wasichana nchini Japani wakati huo yalihaririwa zaidi na wanaume, na msichana wa hadithini alikuwa na njia moja ya kupitia: ampende mvulana mwema, aolewe. Wakipindisha njia hiyo, hadithi ilirudishwa. Wakaona upenyo: wahusika wakiwa wavulana, tena katika shule za bweni za Ulaya ambako msomaji hajawahi kufika, wanaweza kupenda, kukosea, kuwa wakatili na kuwa na uchungu bila mtu kuuliza watapika lini. Mwaka 1974 Hagio alitoa hadithi kuhusu Thomas, mvulana anayejiua katika kurasa za kwanza na kuwaachia wenzake kazi ya kuelewa kwa nini. Takemiya alibishana na wahariri kwa miaka kadhaa kabla hadithi yake kubwa, Kaze to Ki no Uta, haijaanza kuchapishwa mwaka 1976. Ilipofika mwisho mwaka 1984, Gilbert, mvulana aliyependwa, alikuwa amekufa.

Hivyo ndivyo aina hii ilivyozaliwa. Waandishi wake walikuwa wanawake, wasomaji wake wasichana, wahusika wake wavulana, na wavulana hao walikuwa wakifa. Mwaka 1978 likaja jarida maalumu la hadithi hizo, June. Kifo kilikuwa ada ya kiingilio. Msomaji aliruhusiwa kuyaonja mapenzi yale kwa kuwa ukurasa wa mwisho ulimhakikishia kwamba hayawezi kudumu duniani.

Jambo ambalo wageni wengi wa aina hii hawalijui ni kwamba malalamiko makali ya mapema hayakutoka kwa mapadri wala kwa serikali. Yalitoka kwa mwanamume anayependa wanaume. Mwaka 1992 Masaki Satō aliandika katika jarida dogo la watetezi wa wanawake akiwashutumu waandishi na wasomaji wa hadithi hizi: wanatumia watu kama yeye kujifurahisha, wanawapamba wakawa maua ya dirishani, na maisha yao halisi hawayataki. Wanawake wakamjibu, wengine kwa hasira, wengine wakikiri kwamba ana hoja. Mabishano yale yalidumu miaka. Nayataja kwa sababu yeyote anayedhani tamthilia hizi zina maadui upande mmoja tu, ule wa wahubiri, bado hajawasikiliza watu zinaodai kuwasimulia.

Thailand ilichukua mbegu hiyo ya Japani ikaipanda chuoni. Mwaka 2007 mwongozaji Chookiat Sakveerakul alitoa filamu ya Love of Siam, ambayo mabango yake yaliahidi mapenzi ya kawaida ya wavulana na wasichana. Watu walipofika ukumbini wakakuta wavulana wawili, Mew na Tong. Wako waliokasirika kwamba wamedanganywa, na wako waliorudi kuitazama mara ya pili. Mwishoni Tong anamwambia mwenzake kwamba hawawezi kuwa wapenzi, ingawa anampenda. Tazama mabadiliko hayo: safari hii hakufa mtu, ila walitengana, na hilo lilihesabiwa kuwa hatua.

Miaka saba baadaye ikaja Love Sick kwenye televisheni, na mwaka 2016 kampuni ya GMMTV ikatoa SOTUS, ambayo wahusika wake ni wanafunzi wa uhandisi. Arthit, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ndiye kiongozi wa wale wanaowatesa wanafunzi wapya kwa amri na adhabu ili eti wajifunze umoja. Kongpob wa mwaka wa kwanza anakataa kunyenyekea. Vita vyao vinageuka mapenzi, na mapenzi yanabaki. Ilipofika 2gether ya mwaka 2020, watazamaji walikuwa wamefungiwa majumbani na korona dunia nzima, kampuni ikiweka vipindi YouTube vikiwa na tafsiri chini ya picha, bila malipo. Hakukuwa na kifo, wala kutengana, wala toba. Hapo ndipo tamthilia za Thailand zilipoacha kuwa za Asia pekee.

China ilikwenda njia yake. Februari 2016 tamthilia ya mtandaoni iitwayo Addicted iliondolewa ghafla ikiwa imebakiza vipindi vitatu kati ya 15. Mwisho wake ukalazimika kutazamwa kwenye mitandao ya nje ya nchi. Watayarishaji wakajifunza. Mwaka 2019 The Untamed ilichukua riwaya ya mapenzi ya wanaume wawili na kuifanya hadithi ya udugu wa kufa na kupona: vipindi 50 vya kutazamana, filimbi na zeze, bila busu hata moja. Mchujaji aliona marafiki. Mtazamaji aliona alichokiona. Kwa maoni yangu hakuna tamthilia inayoonyesha vizuri zaidi udhaifu wa kazi ya kuchuja: unaweza kulikata tendo, lakini huwezi kulikata jicho la mtu anayetazama.

Mwezi uo huo wa Februari 2016, jijini Nairobi, Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini Kenya, KFCB, ilikuwa ikipigana na wimbo. Kundi liitwalo Art Attack lilikuwa limetoa video ya wimbo Same Love yenye wapenzi wa jinsia moja, bodi ikaipiga marufuku na kuitaka Google iiondoe YouTube. Video haikuondolewa, iliwekewa onyo, na watu wakaendelea kuitazama.

Bodi hiyo hufanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, sura ya 222, iliyotungwa mwaka 1962, bendera ya mkoloni ikiwa bado inapepea. Ni sheria ya watu waliojua kwamba filamu ni kopo la utepe linalobebwa kwa gari, linalofungwa kwenye mashine, na kuonyeshwa kwa umati ulioketi gizani. Kopo hilo unaweza kulishika. Bodi ilipojaribu kuitumia sheria hiyo kwa Netflix mwanzoni mwa 2016, ikisema huduma hiyo ni hatari kwa maadili na hata kwa usalama wa taifa, ilikuwa kama mtu anayetaka kufunga upepo kwa kufuli.

Mapambano ya kwanza makubwa yalikuwa yametangulia. Septemba 2014 kundi la wasanii wa Nairobi liitwalo The Nest lilionyesha huko Toronto filamu ya Stories of Our Lives, iliyoongozwa na Jim Chuchu: hadithi fupi tano, nyeusi na nyeupe, zilizotokana na maisha ya Wakenya wanaopenda watu wa jinsia yao. Mwezi uliofuata bodi ikaikataza, na mtayarishaji wake George Gachara akakamatwa kwa kosa la kurekodi bila leseni. Mashtaka yaliondolewa baadaye. Mwaka 2015 filamu ikatuzwa Berlin. Nyumbani ikabaki bila ukumbi.

Kisha kikaja kipindi cha Ezekiel Mutua, afisa mkuu wa bodi hadi 2021, mtu aliyejua kutafuta kipaza sauti. Juni 2017 bodi ilizikataza katuni sita za watoto, zikiwemo The Loud House na Steven Universe. Novemba mwaka huo, picha za simba wawili madume wa Maasai Mara waliokuwa wamepandana zilipozagaa, Mutua alipendekeza simba hao wapewe ushauri nasaha. Nchi ilicheka wiki nzima. Kicheko hicho nacho ni sehemu ya historia ya watazamaji wa Kenya, kwa sababu watu wengi waliocheka hawakuwa watetezi wa chochote. Walikuwa wamechoka tu kulelewa kama watoto.

Ndipo ikaja Rafiki. Wanuri Kahiu aliitoa filamu hii kutoka kwa hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, Jambula Tree, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Kena na Ziki ni wasichana wa mtaa mmoja Nairobi, na baba zao wanagombea kiti kimoja cha siasa. Wanapendana, mtaa unajua, umati unawapiga. Ziki anapelekwa London. Miaka inapita, Kena anavaa koti la tabibu, na siku moja anasikia kwamba mwenzake amerudi. Picha za mwisho zinamwonyesha akisikia sauti nyuma yake, na mkono ukimgusa begani.

Filamu hiyo ilialikwa kwenye tamasha la Cannes la Mei 2018, ya kwanza ya Kenya kupata heshima hiyo. Mutua mwenyewe alikuwa ameisifu hadharani kuwa inaeleza mambo ya wakati wetu. Mwishoni mwa Aprili bodi yake ikaipiga marufuku. Kahiu alieleza kilichotokea katikati: bodi iliutaka mwisho ubadilishwe, kwa kuwa ulibeba matumaini mno na wasichana hawakuonyesha kujutia. Akakataa. Fikiria Kena angebaki peke yake, au angeolewa akanyamaza, au angekufa kama Gilbert. Filamu ile ile, yenye busu lile lile, huenda ingepata cheti. Mkono ule begani ndio uliohukumiwa.

Kahiu akaenda mahakamani. Septemba 6 mwaka huo Mahakama ya Juu ya India ilikuwa imekivunja nguvu kifungu cha kikoloni cha 377, ambacho ni ndugu wa damu wa kifungu cha 162 cha Kenya. Septemba 21 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu, Nairobi, akasimamisha marufuku kwa siku saba ili filamu iweze kupelekwa kushindania Oscar, ionyeshwe kwa watu wazima waliotaka wenyewe. Alisema haamini kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha misingi yake kutikisika kwa kutazama filamu moja. Foleni zikajipanga kwenye sinema ya Prestige, barabara ya Ngong. Tiketi zikaisha, maonyesho yakaongezwa, na kwa wiki moja ikakusanya takriban dola 33,000, fedha ambazo filamu chache mno za Kenya zimewahi kuzifikia. Siku ya nane pazia likashuka. Kenya ikapeleka Oscar filamu nyingine, Supa Modo. Aprili 29, 2020, Jaji James Makau aliithibitisha marufuku.

Mwanahistoria hatakiwi kupenda sadfa kupita kiasi, lakini moja haivumiliki kuachwa. Mei 24, 2019, majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Kenya, Roselyn Aburili, Chacha Mwita na John Mativo, walikataa ombi la kukiondoa kifungu cha 162. Siku hiyo hiyo, kwa saa chache za tofauti, ofisi za Taiwan zilikuwa zikiandikisha ndoa za kwanza za watu wa jinsia moja barani Asia. Kijana wa hosteli aliyekuwa na simu moja angeweza kuzisoma habari zote mbili bila kuinuka kitandani.

Septemba 2021, Mutua akiwa ameondoka, bodi iliikataza I Am Samuel ya Peter Murimi. Hii haikuwa hadithi ya kutunga. Ni maisha ya Samuel, kijana wa kijijini mwenye baba mhubiri, na mpenzi wake Alex, yaliyorekodiwa kwa miaka mitano. Bodi ililalamika kwamba wanaume wawili walionekana wakifungishana ndoa kwa jina la dini. Hapakuwa na mwisho wa kubadilisha, kwa kuwa wahusika walikuwa bado wanaishi.

Mtu akisoma maamuzi hayo yote atadhani watazamaji wa Kenya wamegawanyika mafungu mawili, wanaotaka na wasiotaka. Wanaozitazama tamthilia za Asia wana ubishi wao wa ndani, nao umepevuka kuliko ule wa bodi. Chukua TharnType ya mwaka 2019. Wanafunzi wawili wamepangiwa chumba kimoja chuoni, jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa Kwa Vonza analielewa bila tafsiri. Type anawachukia wanaume wanaopenda wanaume, na baadaye tunajua kwamba aliumizwa utotoni. Tharn anampenda, lakini katika vipindi vya mwanzo anamshika mwenzake asipotaka, na tamthilia inalipita jambo hilo kwa muziki mtamu. Watazamaji wamelumbana duniani kote. Wako wanaosema ni hadithi tu, isipimwe kwa mizani ya mahakama. Wako waliozima simu. Wako, na nadhani ndio wengi, walioendelea kutazama huku wakinung'unika, kama mtu anayekula chakula kitamu chenye mchanga.

Kenya ina Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya mwaka 2006, iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, ambayo inaeleza maana ya ridhaa na haijali kama aliyelazimishwa ni mwanamume au mwanamke. Ukiweka mambo sambamba, bodi inaikabili tamthilia kwa swali la Kanuni ya Adhabu ya 1930, yaani ni nani anampenda nani. Mtazamaji anauliza swali la 2006: je, aliulizwa? Swali hilo la pili ndilo lililowafanya watayarishaji wa Bangkok wabadilike. Tamthilia zilizofuata, kama Bad Buddy ya mwaka 2021, ziliyakejeli waziwazi mazoea ya zile za kwanza, hasa ule utaratibu wa kumgawia mmoja cheo cha mume na mwingine cheo cha mke.

SOTUS nayo haikosi mjadala. Kule Thailand mateso ya wanafunzi wapya ni suala la kitaifa, na wapo walioiona tamthilia kama ukosoaji, wengine wakaona inayapamba. Mkenya hahitaji kueleweshwa. Amepita kidato cha kwanza, ameitwa mono, amefua soksi za mtu. Mwaka 2017 taarifa za mateso ya wanafunzi wapya katika Shule ya Upili ya Alliance ziliitikisa nchi. Anapomwona Arthit akipaza sauti mbele ya safu za wanafunzi waliotoa jasho, hamwoni mgeni. Na anapoona mtesaji huyo akigeuzwa kuwa mchumba, ana haki ya kusita, hata kama kinachomsumbua si jinsia yao.

Ukambani kuna kipimo kingine, cha zamani kuliko bodi na Bangkok. Wakamba wa Kitui, Makueni na Machakos wanaijua ndoa ya iweto. Mwanamke asiyejaliwa mtoto, hasa wa kiume, alimlipia mwanamke kijana mahari na kumwoa. Yule aliyeolewa ndiye iweto. Watoto aliowazaa na mwanamume mwingine walikuwa wa nyumba ya mwanamke aliyeoa, wakabeba jina lake na kurithi shamba. Vitabu vya mila vya enzi za ukoloni viliiandika, na mahakama za mirathi za Kenya huru zimelazimika kuamua kesi za ndoa za wanawake kwa wanawake. Katiba ya 2010 inazungumzia ndoa ya watu wa jinsia tofauti, na Sheria ya Ndoa ya 2014 ikaifungia ndoa kwa mume na mke, lakini watoto wa iweto wapo, na mashamba yao yapo.

Atakayeitaja iweto kama ushahidi kwamba Wakamba walibariki mapenzi ya jinsia moja ataongopa, kwa sababu shabaha yake haikuwa mapenzi; ilikuwa jina na ardhi. Na atakayesema kwamba ndoa ya wanawake wawili ni kitu kilichotoka ng'ambo kwa nyaya za intaneti naye ataongopa. Bibi wa Kitui hashtushwi na wanawake wawili ndani ya ndoa. Angeshtushwa na watu wawili wanaooana bila kufikiria mtoto atakuwa wa nani.

Januari 2025 sheria ya Thailand iliyofungua ndoa kwa watu wa jinsia moja ilianza kazi, pamoja na haki za kurithi na kuasili watoto, na tamthilia zikapata mwisho mpya wa kuonyesha, wa karatasi zilizotiwa sahihi. Lakini nyingi bado huishia penye pete. Kwa Mkamba, ndoa huanza kuhesabika mbuzi wa ntheo wanapofikishwa nyumbani kwa wazazi wa binti, na mahakama za Kenya zimewahi kukataa kuitambua ndoa ya kimila ya Kikamba ambayo ntheo yake haikuthibitishwa. Mtazamaji aliyelelewa katika mila hiyo, akiifunga simu baada ya kipindi cha mwisho, pete zikiwa vidoleni na familia zote mbili zikipiga makofi, anabaki na swali ambalo hakuna mwandishi wa Bangkok aliyelazimika kulijibu: mbuzi hao wangetoka boma lipi, na wangepelekwa boma lipi?